Somo: Wiki mbili za kwanza za likizo ya kiangazi

Wazazi wenzangu tunaolea Marekani, shule nyingi hufungwa kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, na watoto hukaa nyumbani wiki kumi hivi. Kwa miaka kadhaa niliamini wanangu wanaharibika tabia kila Juni. Kumbe kengele, basi la asubuhi na rafiki wa kula naye vimewakatikia siku moja. Mtoto anayegombana na kila mtu wiki ile ya kwanza mara nyingi ana majonzi asiyoweza kuyataja.

Hatua ya 1. Iageni shule. Mtoto amuage mwalimu wake, nawe uchukue namba ya simu ya mzazi wa rafiki yake mmoja. Anayehama shule ndiye anayeumia zaidi.

Hatua ya 2. Lindeni usingizi. Mjini Minneapolis jua la Juni huzama karibu saa tatu usiku, basi mtoto anakuuliza alale vipi na nje bado kweupe. Weka pazia zito. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, kijana saa 8 hadi 10. Asiyelala hana subira, na mzazi vilevile.

Hatua ya 3. Chakula cha mchana. Kuna vituo vya serikali, mara nyingi shuleni, maktaba au bustanini, ambako yeyote wa miaka 18 kushuka chini hula bure. Vituo vilivyo wazi kwa wote havidai kitambulisho wala fomu. Msione haya. Watoto hupata pia pa kwenda na wa kucheza naye.

Hatua ya 4. Mtazameni mtoto wa kwanza, hasa akiwa binti. Hapa ndipo tunapokosea wengi wetu. Kwetu dada mkubwa hulea wadogo, lakini kule alikuwa na shangazi, bibi na majirani. Hapa yuko peke yake ndani ya fleti, anapika, anaamua ugomvi, anatafsiri barua za benki, halafu jioni analaumiwa kwa vyombo. Mpe siku mbili kwa wiki zisizo na mtoto mgongoni. Mshukuru kwa maneno, wadogo wakisikia. Na kabla ya kumwachia nyumba, uliza sheria ya jimbo lako kuhusu umri.

Hatua ya 5. Pigieni nyumbani kwa ratiba. Saa nne asubuhi Ohio ni saa kumi na moja jioni Dar es Salaam au Nairobi. Bibi ameshapumzika, na watoto wana la kumsimulia baada ya shikamoo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nafanya shifti ya usiku ghalani. Mchana nalala, watoto wananiamsha, naishia kuwafokea.

Jibu: Pole sana, dada. Tafuta mama mwenzio mbadilishane: yeye achukue watoto asubuhi mbili, wewe mbili. Maktaba za umma nazo huwa na vipindi vya bure vya watoto. Ukishafoka, mwombe mtoto radhi ukiwa umetulia. Heshima yako haipungui.

Swali: Kijana wangu wa miaka 14 hatoki chumbani. Ni uvivu?

Jibu: Siku tatu nne za kulala sana ni uchovu wa mwaka. Zikipita wiki mbili, naye hali chakula vizuri, hataki kuona rafiki zake wala mpira alioupenda, mpeleke kwa daktari wake. Akitamka kwamba hataki kuishi, usimkemee wala usimwache peke yake. Piga 988, simu ya msaada kwa anayewaza kujiua, saa yoyote, na uombe mkalimani wa Kiswahili.

Swali: Nimpeleke mwanangu kwa bibi yake Morogoro likizo nzima?

Jibu: Nauli ikiwepo, ni jambo jema. Muulize mtoto kwanza, na muulize bibi kama ana nguvu.