Pirenópolis kwa wawili: jinsi ya kupanga mapumziko kando ya Rio das Almas

Mkiwa Brasília, mji mkuu wa Brazil, mji wa kupumzikia wawili uko karibu: Pirenópolis, jimbo la Goiás, kama kilomita 150 kwa barabara. Ulianza mwaka 1727 kwa wachimba dhahabu, na mto Rio das Almas bado unapita humo humo mjini. Wanaonitaka niwapangie safari hii huja na orodha ndefu ya maporomoko. Huwa naikata: poromoko moja kwa siku, basi.

Hatua ya 1: Tarehe. Nendeni kati ya Mei na Septemba, mvua zikiwa zimekatika. Usiku wa Juni na Julai una baridi, kwa hiyo bebeni sweta. Msiende wakati wa Pentekoste, isipokuwa mnaifuata Cavalhadas yenyewe: siku tatu za wapanda farasi wakiigiza vita vya Wakristo na Wamori, yaani Waislamu wa enzi hizo, na watu waliovaa vinyago wakizurura mitaani. Inapendeza sana, ila utulivu hamtaupata.

Hatua ya 2: Siku za wiki. Fikeni Alhamisi, ondokeni Jumamosi. Mwanzoni mwa wiki migahawa mingi hufungwa. Jumamosi usiku Rua do Lazer, mtaa wa migahawa, hufurika watu wa Brasília na Goiânia.

Hatua ya 3: Malazi. Tafuteni *pousada*, yaani nyumba ndogo ya wageni, katika mji mkongwe ili gari lisihitajike jioni. Mitaa imetandikwa mawe, kwa hiyo viatu vya kisigino viacheni nyumbani.

Hatua ya 4: Fedha. Wabrazili hulipa kwa Pix kama sisi tunavyolipa kwa M-Pesa, lakini inataka akaunti ya Brazil. Maporomoko mengi yako kwenye mashamba ya watu na yana kiingilio; wekeni noti mfukoni, maana huko mtandao husumbua.

Hatua ya 5: Maji. Siku ya kwanza poromoko la Bonsucesso, karibu na mji. Ya pili Abade, penye bwawa pana la kuogelea. Fikeni asubuhi, kabla ya vikundi. Mkienda msimu wa mvua, kuweni macho: mvua ikinyesha juu milimani, mto hujaa ghafla hata kama kwenu jua linawaka. Maji yakibadilika rangi, au majani na vijiti vikianza kuteremka kwa wingi, tokeni hapo hapo. Msirudi kuchukua taulo.

Hatua ya 6: Chakula. Agizeni kuku na wali wenye pequi, tunda la manjano lenye harufu kali. Msiling'ate! Chini ya nyama yake kuna miiba myembamba mno, na ikichoma ulimi au ufizi kuitoa ni kazi. Lishikeni kwa vidole, mkwangue taratibu kwa meno ya mbele, na mkianza kuona weupe acheni. Asiyependa harufu hiyo, na wapo wengi, aagize empadão, pai ya Goiás yenye kuku na jibini.

Hatua ya 7: Jioni. Tembeeni hadi kanisa la Matriz, lililoungua mwaka 2002 na kufunguliwa tena 2006, kisha mteremke darajani. Njiani kuna maduka ya mafundi wa vito vya fedha. Kabla ya kununua pete, geuzeni ndani mtafute muhuri wa 925, alama ya fedha halisi, na bei ulizeni zaidi ya duka moja.