Mzee anayeanguka akiamka usiku: mpimeni presha akiwa amesimama

Si kila anayeanguka usiku ameteleza. Wengine presha hushuka ghafla wanaposimama, na dawa za presha au za kupunguza maji mwilini huzidisha hali hiyo.

Kama mna kipimo nyumbani, alale chali dakika 5, mpimeni. Asimame, mtu akiwa ubavuni mwake, mpimeni tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, au akisikia kizunguzungu (hapo aketi mara moja), andikeni namba zote mkamwone daktari. Bebeni dawa zake zote, hata za matone ya macho na za mitishamba. Tafadhali msimkatishe dawa wenyewe.

Kila anapoamka, aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe nyayo juu na chini, ndipo asimame akishika kitu kisichoyumba. Stuli ya plastiki haifai kabisa. Tochi ikae mkono unapofika. Kandambili zilizolika soli, tupeni.

Akianguka, msimnyanyue kwa pupa. Mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika: asisimamishwe. Na kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda na amegonga kichwa, mpelekeni hospitali saa ileile, hata akisisitiza kwamba yuko mzima.