Miguu kwanza, bunduki baadaye

"Papa, hii bunduki inapelekaka kuume." Kijana yeyote anayeingia parsele (kiwanja) yangu hapa Kampemba, Lubumbashi, na bunduki ya upepo huanza na hilo. Namwambia asiguse skrubu ya kilengeo. Mimi ni fundi kerezo: chuma kikitoka na kasoro, kabla ya kulaumu kisu tunaangalia kilivyobanwa. Ukipiga shabaha ukiwa umesimama, kinachobana ni miguu.

Kwa anayetumia mkono wa kuume: bega la kushoto lielekee shabaha, miguu iachane kama upana wa mabega. Kiwiko cha kushoto kikae juu ya mfupa wa nyonga, au kwenye mbavu kama hakifiki. Uzito wa bunduki ushuke kwenye mfupa wa mkono, uingie nyonga, ufike chini. Mfupa hauchoki, msuli unachoka, na ukichoka unatetemeka. Inua bunduki ifikie shavu. Ukishusha kichwa kuifuata, shingo itakaza na jicho litaangalia kwa pembe tofauti kila mara.

Sasa lenga, halafu funga macho. Pumua mara mbili, legeza mabega, fungua. Kilengeo kimetua wapi? Hapo ndipo mwili wako unapotaka kupiga, upende usipende. Kikiwa kuume kwa shabaha, usikisukume kwa mkono. Sogeza mguu wa nyuma kidogo sana kuelekea upande wa vidole vyake. Kikiwa kushoto, urudishe upande wa kisigino. Funga macho tena, hakiki tena. Wengi wanaona uvivu hapa, wanasukuma kwa mkono, na mara tu kidole kinapobonyeza mkono unalegea na bunduki inarudi ilikotoka. Hiyo ndiyo "inapelekaka kuume". Ukishapata mahali pa miguu, chora alama ya chaki sakafuni.

Pumzi: toa hewa mpaka ipungue yenyewe, simama hapo, piga ndani ya sekunde 8 hivi. Zikipita, shusha bunduki. Kwenye mashindano ya mita 10 wanapewa dakika 75 kwa risasi 60, zaidi ya dakika nzima kwa kila moja, na bado nawaona watu wanapiga kama wanafukuzwa. Kushusha bunduki bila kupiga si aibu.

Kidole kibonyeze kwa ncha yake, moja kwa moja kwenda nyuma, taratibu, huku jicho likibaki kwenye kilengeo cha mbele; karatasi ya shabaha ionekane na ukungu kidogo, sawa tu. Risasi ikitoka, endelea kulenga kwa sekunde moja au mbili. Kwa mwendo wa mita 170 kwa sekunde, huchukua kama sehemu 6 kati ya 100 za sekunde kufika, na kabla ya hapo imepita mtutu mzima. Ukiinua kichwa haraka kuchungulia tundu, unaizoea tabia hiyo, na siku moja kichwa kitatangulia risasi.

Bunduki nyingi tunazozipata hapa ni za springi, zile za kukunja mtutu. Hizi huruka kabla risasi haijatoka, kwa hiyo usizikabe. Ilaze kwenye kiganja kilicho wazi, mahali palepale kila mara, uiache iruke inavyotaka. Usiifyatue bila risasi ndani, pistoni itaumia. Zoezi la bila kupiga lifanye hivi: springi isiwe imevutwa, lenga nusu dakika, pumzika, rudia. Halina raha, lakini linafundisha kuliko kopo zima la risasi.

Piga tano kwenye karatasi moja, kisha tazama jinsi matundu yalivyokaa pamoja, popote yalipo. Yakitawanyika juu na chini, kagua pumzi. Yakitawanyika kando, rudi kwenye miguu na kidole. Yakikusanyika mahali pamoja pembeni, hapo tu ndipo skrubu ya kilengeo inaguswa. Kumi, alama ya juu katikati ya karatasi ya mita 10, ni nukta ya milimita 0.5, wakati risasi yenyewe ina 4.5, basi usijitese kwa tisa nzuri.

Agosti, upepo wa vumbi unatikisa mwili wako kabla haujagusa risasi; piga asubuhi. Nyuma ya shabaha weka kichuguu au ukuta wenye sanduku lililojaa matambara, pasipo njia ya watoto. Uliza kuhusu kibali, waambie majirani na mkubwa wa kartie (mtaa), na njiani bunduki ikae ndani ya mfuko wake. Mji huu hauna utani na mtu aliyebeba mtutu wazi. Risasi hizo zina sumu, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa bukari (ugali).