Kadi mpya ya grafiki: kagua adapta kabla ya kuwasha

Vijana wengi hapa Dodoma, hasa wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaofanya kazi za video na usanifu, hununua kadi ya grafiki mpya, yaani kifaa cha kuchakata picha, na kuifunga kwenye kompyuta yenye pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya zamani. Plagi zikikataa kuingiliana, dukani wanapewa adapta, waya mfupi wa kuunganisha plagi zisizofanana. Hapo jamani tuwe makini.

Ninayoiogopa kuliko zote ni ile inayochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile bapa ya kupeleka umeme kwenye diski ya kompyuta (hard disk), na kuishia na kichwa cha pini 8 kinachoingia kwenye kadi. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 tu kwenye laini ya volti 12, wakati kichwa cha pini 8 kinaruhusiwa kuvuta wati 150. Plastiki huyeyuka, na moto unaweza kufuata. Hata ukipewa bure, iache.

Adapta iliyokuja ndani ya boksi la kadi ni afadhali, ila kila kichwa cha adapta hiyo kipe waya wake kutoka pawa saplai. Ile plagi ndogo ya pini 16 inayoingia kwenye kadi isukume mpaka usibaki mwanya hata wa ukucha, halafu waya unyooke kama sentimita 3 na nusu kabla ya kuukunja. Kioo cha kesi (boksi la kompyuta) kikiubana, tafuta kesi pana. Ukiiacha wazi, vumbi letu la kiangazi mnalijua.

Waya wa pawa saplai nyingine usiuazime hata kama unaingia vizuri, kwani mpangilio wa pini hutofautiana.