Mgonjwa wenu kalazwa? Anzeni na zamu

Jamani msijazane wodini wote siku ya kwanza halafu wiki ya pili kabaki dada mtu peke yake, pangeni zamu mapema. Mmoja tu ndo aongee na daktari, awepo asubuhi raundi inapopita, na awe na kadaftari: dawa gani, kipimo gani bado, shilingi ngapi zimelipwa. Sisi mama alivyolazwa risiti tulikuwa tunazitupia kwenye kikapu cha uji, siku ya kuruhusiwa tunazisaka zimelowa zote, we acha tu. Kama mgonjwa hawezi kujigeuza waombeni manesi wawaonyeshe namna ya kumgeuza kila baada ya masaa mawili hivi, vidonda vya mgongo vinakuja haraka mno. Chakula ulizeni kwanza, si kila mgonjwa wa supu. Na anayekesha pale nje naye apelekewe chai na kanga safi.