Kupaka Chumba Rangi ya Kijani cha Zeituni, Hatua kwa Hatua

Kijani cha zeituni ni kijani kilichoelemea njano kisha kikafifishwa kwa weusi au kahawia, na ndiyo maana ukuta uleule huonekana wa kijani asubuhi na wa rangi ya tope usiku. Kwa sababu hiyo, uamuzi mkubwa hufanyika kabla ndoo haijafunguliwa.

Hatua ya 1: Jaribu rangi kwenye mwanga wa chumba chenyewe. Nunua kopo dogo, upake mikono miwili, yaani tabaka mbili, kwenye ubao mweupe usiopungua ukubwa wa karatasi ya A4. Usijaribu moja kwa moja ukutani, kwa kuwa rangi ya zamani inayozunguka alama yako huhadaa jicho. Usogeze ubao kutoka dirishani hadi kwenye kona yenye giza, uutazame mchana, kisha usiku taa zikiwa zimewashwa. Balbu ya kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga), yenye mwanga wa manjano, huamsha njano iliyomo ndani ya rangi, ilhali ya 4000 na kuendelea, yenye mwanga mweupe zaidi, huivuta kuelekea kijivu. Mara nyingi mteja anayetaka kubadilisha rangi anahitaji kubadilisha balbu tu.

Hatua ya 2: Amua mipaka. Binafsi napendelea kuta zote nne, hata chumba kikiwa kidogo, kwani ukuta mmoja uliokolea katikati ya kuta nyeupe huonekana kama kiraka. Dari na fremu zipakwe nyeupe ya maziwa. Nyeupe yenye ubluu hukifanya kijani hiki kionekane kichafu.

Hatua ya 3: Andaa ukuta. Osha mafuta na masizi, ziba nyufa kwa puti, sugua kwa msasa namba 120 na umalizie kwa namba 180, kisha ufute vumbi lote. Katika nyumba kuukuu rangi ya chini huenda ina madini ya risasi, hivyo ipimwe kwanza na isisuguliwe ikiwa kavu. Praimari (rangi ya msingi inayotangulia) ya kijivu hufaa kuliko nyeupe, kwa sababu weupe huchungulia chini ya rangi iliyokolea.

Hatua ya 4: Kadiria kiasi. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takribani mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Kuta zenye mita 40 za mraba zitahitaji lita 8 kwa mikono miwili. Mimina makopo yote kwenye ndoo moja na ukoroge, maana rangi ya makopo mawili huweza kutofautiana kidogo.

Hatua ya 5: Paka. Chagua rangi isiyong'aa, kwani mng'ao hufichua kila bonde la plasta. Maliza ukuta mmoja kabla ya kugusa mwingine: chora kingo kwa brashi, kisha ufuatishe rola kingo zikiwa bado mbichi, kila mpito ukipanda kidogo juu ya ule uliotangulia. Sehemu iliyoanza kukauka usiirudie. Rola huinyanyua ngozi ya rangi na kuacha mistari inayoonekana ukutani ukisimama kando ya dirisha. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya mkono wa pili, na uubandue taratibu utepe wa karatasi, kama uliubandika kulinda fremu na dari, rangi ikiwa haijakauka kabisa.

Hatua ya 6: Hifadhi masalio kwenye chombo kisichopitisha hewa. Ukuta ukichubuka, usiguseguse doa peke yake, kwani litaonekana tofauti. Upake upya wote, kutoka kona hadi kona.