Makonyo ni yako: namna ya kuwa na fungu lako msimu wa karafuu

Mwanangu uliyeolewa kwenye nyumba yenye mikarafuu, jambo la kwanza msimu ukikaribia si kushona majamvi wala kutafuta wachumaji. Ni kuuliza makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, ni ya nani. Uliza mapema, vitumba vikiwa bado vya kijani na hakuna aliyepanda mti hata mmoja. Karafuu zikishafika jamvini kila mtu ana hesabu yake kichwani, na wewe umo kwenye hesabu hiyo kama mchambuaji wa bure.

Mama yangu aliolewa Mtambile, kusini mwa Pemba. Shamba lilikuwa la Baba na ndugu zake, na karafuu zilikuwa na wenyewe. Yeye alichokuwa nacho ni mikono, na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa ikichambua mpaka usiku wa manane. Mwaka mmoja akamwambia Baba, "Karafuu zako sina haja nazo. Makonyo niachie." Baba akacheka, akakubali. Nani alikuwa akiyahesabu makonyo? Ni vijiti vilivyobaki, watoto wakivichezea. Lakini makonyo yana mafuta, na kiwanda cha Wawi pale Chake Chake kinayakamua. Msimu ulipomalizika Mama alikuwa na pesa ambayo hakuiomba kwa mtu.

Namna ya kulisema ina adabu yake. Usilianzishe mchana, mtu ametoka shamba na jua limempiga. Ngoja ale, aswali isha, atulie. Na ukiweza lisemee mbele ya mavyaa wako, kwa upole, kana kwamba unamtaka ushauri: "Mama, mimi nitachambua zote na kuanika, ila makonyo naomba yawe yangu." Mavyaa naye aliwahi kuwa mkaza mwana wa watu. Wengi wao husema wenyewe, "Muacheni nayo." Basi limekwisha, na lina shahidi.

Kisha linda ulichopewa. Mali ya mke ni ya mke, hilo halina mjadala katika dini yetu, na kulishwa na kuvishwa kunabaki juu ya mume hata ukiwa na magunia kumi ya makonyo ukumbini. Usikubali makonyo yageuzwe pesa ya mboga. Ndivyo inavyoanza: leo kitoweo, kesho unga, keshokutwa ada ya tuisheni, na mwisho unaulizwa, "Kwani wewe pesa yako unaifanyia nini?" Ukitaka kusaidia saidia, lakini sema waziwazi kuwa hii ni hiba au ni mkopo. Mama alimkopesha Baba mara nyingi tu, na Baba alikuwa akilipa.

Sasa kazi yenyewe.

Karafuu huletwa wakati wa magharibi zikiwa kwenye mapakacha, vishada vizima, vitumba vimeshikana na vijiti vyake. Kaa chini, nyoosha mguu mmoja. Shika kishada kwa mkono wa kulia upande wa kijiti, kiinamishe kwenye kiganja cha kushoto, kisha kisukume na kukizungusha kwa pamoja, kidogo tu. Vitumba hukatika vyenyewe vikaanguka mbele yako, konyo likabaki vidoleni. Litupe nyuma. Nyuma, si pembeni! Hapo Mama alikuwa hana mchezo. Konyo la pembeni hurudi kwenye karafuu mtu akijisogeza, na karafuu yenye makonyo hushuka daraja ikifika kwenye mizani. Kwa hiyo unakuwa umejiibia mara mbili: konyo lako limepotea na karafuu za mumeo zimeshuka bei.

Ua lililokwisha chanua liweke mbali, na lililogeuka tunda pia. Karafuu nzuri ni kitumba kilichonona, kichwa bado kimefumba, rangi imeanza kupiga wekundu. Huyo aliyechuma changa ili amalize mti haraka mwambie kesho asubuhi, usimwambie mbele ya wenzake.

Chambua usiku huohuo. Karafuu zikilala kwenye pakacha hupata joto, zikaharibika ndani kwa ndani, na ukija kuzianika zinatoka zimepauka, nyepesi, hazina mafuta. Nimeona watu wakilala kwa uchovu wakapoteza kazi ya siku nzima. Bora uwaite majirani, uweke chungu cha chai ya mkandaa na mihogo ya kuchemsha, mfanye kazi kwa porojo. Vidole vitakuwa vyeusi wiki nzima, hilo halina dawa. Mafuta ya nazi ukipaka kabla ya kuanza hupunguza kuchoma penye michubuko. Usijifikiche jicho. Mwenye mtoto wa kunyonya aoshe mikono kwa ndimu na sabuni kabla ya kumbeba, mtoto akipata mafuta yale machoni hamtalala nyote.

Na porojo zile usizidharau. Skuli nilisoma, nashukuru, lakini mambo ya kuishi na watu niliyasikia jamvini. Hapo ndipo Mama aliposema kwamba posa ikija, kabla ya kuulizia ukoo mtume shangazi kwenye duka analokopa huyo bwana. Mwenye duka anajua kama mtu hulipa, analipa lini, na akidaiwa anafoka au anaomba radhi. Dada yangu mkubwa aliposwa na mtu mwenye sura na maneno mazuri, shangazi akaenda dukani kununua kibiriti, akarudi na jibu. Sitasema zaidi. Dada aliolewa na mwengine, na ana raha zake. Hapo pia ndipo nilipojifunza kunyamaza: mtu akitoa siri yake huku anachambua, asubuhi usimuulize ameamkaje kwa sauti ya huruma. Mpe tu salamu yake ya kawaida.

Kuanika nako kuna mambo. Tandaza juu ya majamvi, si juu ya lami wala sakafu tupu. Najua barabarani zinawahi kukauka, lakini zinakusanya mchanga na harufu ya gari, na mnunuzi anaona. Siku ya kwanza zitandaze nyembamba sana, zigeuze mara kwa mara. Jua likiwa zuri siku nne au tano zinatosha. Alasiri zikusanye kabla umande haujashuka, zifunike, asubuhi zitandaze tena umande ukishakatika. Kilo tatu mbichi hukupa kama kilo moja kavu, kwa hiyo usitishike ukiona rundo limenywea, na usimtuhumu mtoto wa watu kuwa ameiba.

Kujua kama zimekauka, chukua moja uivunje. Ikipinda, bado. Ikikatika kwa mlio, tayari. Kisha chota kiganja uzimimine juu ya nyingine usikilize: mbichi huanguka kimya, kavu zinalia kama changarawe. Wapo wanaozinyunyizia maji kidogo ili zipate uzito. Mama alikuwa akisema karafuu ya maji humwaibisha mtu mara mbili, kituoni ikikataliwa na njiani akiirudisha. Mimi naongeza kwamba ile ya maji huota ukungu, ikaharibu gunia zima pamoja na zilizokuwa nzuri.

Mvua ikija, hakuna mkubwa wala mdogo. Acha chungu jikoni, acha kanga ianguke. Ila wa kwanza kukimbiliwa ni majamvi ya karafuu, makonyo yako baadaye. Yanavumilia kidogo, nayo ni heshima kwa mwenye shamba. Makonyo yaanike peke yake, kwenye majamvi makuukuu, mwisho wa uwanja. Nayo yavunje kuyajaribu, yakikatika yatie guniani. Gunia lako litie alama ya uzi wa rangi usije ukaambiwa limechanganyika na la shemeji.

Kuna suala la pishi, kile chombo cha kupimia, ambalo wengi hulichukulia jepesi. Wachumaji hulipwa kwa pishi, na ugomvi wote wa msimu unatoka kwenye hicho chombo. Chombo kiwe kimoja tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Semeni kabla kama ni mfuto, yaani iliyosawazishwa juu, au ni ya kufurika. Ukishasema mfuto, pitisha ubao juu mbele ya macho ya mchumaji, kwake yeye na kwa mjomba wako pia. Lipa jioni ileile. Na mchumaji akiwa mwanamke, pesa yake itie mkononi mwake, usimpe mumewe hata akija na salamu ndefu kiasi gani. Mama alifukuzana na mtu mzima uwanjani kwa jambo hilo, na mtu yule hakurudi kuomba tena.

Wanaopanda waangalie. Tagaa la mkarafuu hukatika ghafla, halikupi ishara kama la mwembe. Baada ya mvua asipande mtu mpaka mti ukauke, hata kama karafuu zinachanua juu na roho inakuuma.

Siku ya kuuza nenda mwenyewe. Kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kina mizani yake na foleni yake. Chukua kitambulisho, chukua maji ya kunywa, na risiti itoke kwa jina lako. Ukimtuma mumeo au kijana, risiti inatoka kwa jina lake, na mwakani utakuwa unaeleza upya kuwa makonyo ni yako. Pesa ihesabu hapohapo dirishani. Huo si utovu wa adabu, hata mlipaji anapenda mtu ahesabu mbele yake.

Halafu usikae nayo nyumbani. Msimu wa karafuu Pemba una pesa nyingi na wajanja wengi. Nguo zinapanda bei, harusi zinafuatana, wauza simu wanashuka na meli, na mabwana wengine ndio wanakumbuka kuwa sharia imewaruhusu wanne. Nacheka, lakini muulize mwanamke yeyote wa shamba. Pesa yako iwe na pa kwenda kabla haijafika. Mama alikuwa na mafungu matatu. La kwanza, deni, ukilipa unalala. La pili, kitu kisichoweza kuombwa na mtu: yeye alinunua bangili ya dhahabu leo, mbuzi kesho. Siku hizi wengi tumo kwenye vikundi vya hisa, na ni vizuri, ilimradi daftari lisomwe mbele ya wote na sanduku liwe na funguo za watu zaidi ya mmoja. Cherehani yangu ya kwanza hapa Chake ilitoka kwenye fungu hili, Mama ndiye aliyenikopesha, na nilimlipa shilingi kwa shilingi kwa sababu hakukubali kusamehe.

Fungu la tatu ni mti. Kila alipopata nafasi alipanda miche, pembeni mwa nyumba, kwenye kipande alichopewa na babu yake. Miche ya mikarafuu serikali huigawa bure, unaulizia kwa bwana shamba wa shehia yako kabla mvua za masika hazijaanza. Kuanza kuzaa kunataka miaka sita, saba, au zaidi, ndiyo maana vijana hawana subira nao. Lakini mkarafuu ukishika humpita umri aliyeupanda. Pemba imekuwa ndiyo yenye karafuu nyingi tangu kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na iliyopandwa na mabibi zetu wa nyuma mingine bado tunaichuma. Usipande kwenye ardhi ya mume bila maelewano. Kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine, lakini hilo lazima lijulikane na watu, siyo wewe na yeye chumbani.

Na hapa ndipo penye uzito. Mama alikuwa akituchukua watoto wa kike shamba la Baba asubuhi, akatutembeza mpaka hadi mpaka: huu ni mfenesi wa mpakani, pale bondeni ni kwa kina ami, mikarafuu yetu inaanzia hapa. Mingi ilikuwa na majina. Ulikuwepo mmoja unaitwa wa Bibi Mkono Mmoja, ulikatika tagaa upande. Tukaihesabu, tukaisahau, tukaihesabu tena. Kaka zetu walikuwa wakitucheka. Baba alipofariki hawakucheka.

Ufanye hivyo mzee wako akiwa hai. Usimwambie unahesabu mirathi, mwambie unataka kujua shamba. Jua fungu lako: mtoto wa kike hupata nusu ya fungu la kaka yake, na mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani moja katika nane. Ni sharia, haihitaji hisani ya mtu, na Mahakama ya Kadhi ipo, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo. Lakini nusu ya kitu usichokijua idadi yake ni nusu ya nini? Wanawake wengi huambiwa, "Wewe umeolewa, mumeo ana shamba, waachie ndugu zako walitunze." Kulitunza walitunze. Msimu wakikuletea fungu lako, sema ahsante. Wasipokuletea, uwe na idadi.

Kwa hiyo siku za jua, msimu umekwisha na nyasi zimefyekwa, mchukue kaka yako unayeelewana naye zaidi, mzunguke shamba zima. Andikeni mti mmoja mmoja, mzima na uliokufa, na jirani wa kila upande. Nakala mbili. Moja abaki nayo yeye. Ya pili itie kwenye sanduku lako mwenyewe pamoja na cheti cha ndoa na risiti za makonyo, na ufunguo ukae kwako.